Tamko limesainiwa, ushahidi uko wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu taarifa za udhibiti wa ndani

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wakaguzi na wahasibu wa taasisi za umma, na karibu zote zinagusa jambo moja: ile taarifa ya mwaka ambayo afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za ofisi, husaini akieleza hali ya udhibiti wa ndani (taratibu za kuzuia na kunasa makosa na wizi) katika ofisi yake. Nani anaihakiki, na anaihakikije? Tumefupisha baadhi ya maswali na kuondoa majina ya ofisi.

Mimi ni mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Katika taarifa ya mwaka ulioishia Juni 30, menejimenti imeandika kuwa “mifumo ya udhibiti wa ndani imekuwepo na imefanya kazi ipasavyo kwa mwaka mzima.” Kamati ya ukaguzi imeniagiza nihakiki usahihi wa maneno hayo. Nianzie wapi? (Mkaguzi wa ndani, Singida)

Anza kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila mwaka: ubora wa udhibiti, na ukweli wa taarifa inayouelezea. Taasisi yenye matundu kumi ikiyaandika yote kumi kama yalivyo, taarifa yake ni sahihi. Taasisi yenye tundu moja ikalificha, taarifa yake si sahihi. Kamati imekupa kazi ya pili. Ukiishika tofauti hii utapunguza mabishano mengi, kwa sababu humwambii mkurugenzi kwamba ofisi yake ni mbovu. Unamwambia kwamba sentensi aliyoisaini haina ushahidi wa kuibeba.

Kisha ikatekate hiyo sentensi. Ndani yake kuna madai manne, na kila dai lina ushahidi wake. “Imekuwepo” huthibitishwa na mwongozo wa fedha, barua za uteuzi na mgawanyo wa majukumu ulioandikwa. “Imefanya kazi” huthibitishwa na alama ambazo kazi huacha nyuma: sahihi, tarehe, kumbukumbu za mfumo, mihtasari ya vikao. “Ipasavyo” hudai kipimo. Waulize menejimenti walitumia kigezo gani kuamua kwamba hali inaridhisha. Kama hakuna kigezo kilichoandikwa popote, umeshapata hoja ya kwanza kabla hujafungua jalada hata moja.

Neno linaloanguka mara nyingi kuliko yote ni “mwaka mzima.” Chukua usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki kila mwezi. Utaletewa karatasi kumi na mbili, zote zimesainiwa na mwandaaji na mhakiki, na kwa macho ya haraka udhibiti umekamilika. Angalia tarehe ambayo faili lilitengenezwa kwenye mfumo, usiangalie tarehe iliyochapwa juu ya karatasi. Si ajabu kukuta usuluhisho wa Julai hadi Desemba ulifanyika wote katika wiki moja ya Januari. Karatasi zipo, lakini udhibiti haukuwepo, kwa sababu kazi ya usuluhisho ni kunasa kosa wakati fedha bado inaweza kufuatiliwa. Usuluhisho wa miezi sita uliofanywa kwa siku tano ni uandishi wa kumbukumbu tu.

Jalada lako la kazi liwe na safu sita: maneno ya taarifa neno kwa neno, anayewajibika, ushahidi aliotoa, kipimo ulichotumia, ulichokuta, na hitimisho. Usiyafupishe maneno ya taarifa. Mabishano ya baadaye yatakuwa juu ya maneno hayo hayo.

Hapo umefanya nusu ya kazi, yaani kutoka kwenye taarifa kwenda kwenye ushahidi. Nusu ya pili ndiyo inayofichua mengi, na sisi tunashauri uifanye kwanza, kabla hujakaa na menejimenti. Hii hutoka kwenye matatizo yanayojulikana kwenda kwenye taarifa. Kusanya barua ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kwa menejimenti, ripoti zako nne za robo mwaka, maagizo ya LAAC (kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa), matokeo ya ukaguzi wa manunuzi wa PPRA (mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma), rejista ya vihatarishi, mashauri ya nidhamu yaliyohusu fedha au mali, na kumbukumbu za hasara. Toa kila udhaifu uliotajwa humo, upe namba, kisha utafute ndani ya taarifa. Utakuta umeandikwa kama ulivyo, au umeandikwa kwa kulainishwa, au haumo kabisa.

Ule wa kulainishwa unahitaji jicho kali. Mfano unaojirudia katika ripoti za CAG za serikali za mitaa ni makusanyo ya mashine za POS ambayo hayakupelekwa benki. Katika taarifa ya menejimenti jambo hilo linaweza kugeuka “ucheleweshaji mdogo wa kuwasilisha makusanyo.” Linganisha mambo manne: kiasi cha fedha, idadi ya vituo au wakusanyaji, kipindi, na kama fedha ilipatikana. Ikiwa taarifa haitaji hata moja kati ya hayo, basi msomaji hakuambiwa kitu. Hitimisho lako liseme hivyo wazi, kwamba udhaifu umetajwa kwa namna isiyomwezesha msomaji kujua ukubwa wake.

Shirika letu la umma limepata hati safi. Mkaguzi wetu wa ndani bado anasema udhibiti ni dhaifu. Inawezekanaje wote wawili wawe sahihi? (Mhasibu, Mombasa)

Inawezekana kabisa. Hati safi inasema kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Haisemi hesabu hizo zilifikaje hapo. Mkaguzi wa nje akiona udhibiti hautegemeki, huongeza kazi ya kukagua miamala yenyewe: vocha nyingi zaidi, barua nyingi zaidi za uthibitisho kutoka benki na kwa wadai, hesabu ya stoo anayoisimamia mwenyewe. Mwishoni namba zinakuwa sahihi, ila zimesahihishwa kwa jasho la mkaguzi.

Kuna kipimo rahisi ambacho watu wachache hukitumia. Omba orodha ya marekebisho yote ya hesabu yaliyofanywa baada ya wakaguzi wa nje kuanza kazi. Kila kosa kubwa alilolikuta mkaguzi, ambalo udhibiti wa shirika lenyewe haukuliona, ni ushahidi wa udhaifu hata kama limesharekebishwa. Shirika linaweza kupata hati safi likiwa na marekebisho kumi na manne, na yote kumi na manne yakawa yanapingana na taarifa inayosema udhibiti ulifanya kazi.

Kwenu Kenya tofauti hii iko wazi kwenye karatasi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ina sehemu tatu: ya taarifa za fedha, ya uhalali na ufanisi wa matumizi ya rasilimali za umma, na ya ufanisi wa udhibiti wa ndani, usimamizi wa hatari na utawala. Ile ya tatu hutolewa kwa mujibu wa kifungu cha 7(1)(a) cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015. Isome maneno yake kwa makini. Hitimisho lake ni la kukanusha, kwamba hakuna kilichojitokeza cha kumfanya mkaguzi aamini kuwa udhibiti haukuwa na ufanisi, isipokuwa mambo yaliyoelezwa. Uhakika wa namna hiyo ni mdogo kuliko ule wa maoni juu ya hesabu. Kwa hiyo mkurugenzi akisimama kikaoni na kusema “tuna hati safi, udhibiti wetu uko sawa,” mfungulie sehemu ya tatu, umsomee yale yaliyofuata neno “isipokuwa.”

Nichukue vocha ngapi? Bosi wangu anasema kumi zinatosha kwa kila kipengele. (Mkaguzi msaidizi, Mwanza)

Kumi hazitoshi kwa jambo linalotendeka kila siku, na hesabu yake ni rahisi kumwonyesha. Tuseme katika kila malipo 100, matano hupita bila idhini inayotakiwa. Ukichukua vocha moja bila kupendelea, uwezekano wa kukuta iko sawa ni 0.95. Ukichukua kumi, zidisha 0.95 kwa yenyewe mara kumi, utapata karibu 0.60. Maana yake, katika mara 100 ambazo udhibiti una kasoro ya asilimia 5, mara 60 utachukua vocha zako kumi, utazikuta safi, na utaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Ukichukua 45, jibu linashuka hadi karibu 0.10. Ndiyo sababu namba 45 imezoeleka: ukizikuta zote safi, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 90 kuwa kiwango cha kasoro hakizidi asilimia 5. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, chukua 59.

Ukikuta kosa moja ndani ya 45, huwezi kusema “ni moja tu.” Kwa uhakika ule ule wa asilimia 90, kosa moja linavumilika ukiwa na sampuli ya 78, na makosa mawili ukiwa na 105. Ama uongeze sampuli, ama uhitimishe kwamba udhibiti haukuthibitika.

Kwa udhibiti usiotendeka mara nyingi kwa siku, viwango vinavyotumika sana ni 1 kwa unaofanyika mara moja kwa mwaka, 2 kwa wa kila robo, 3 kwa wa kila mwezi, 10 kwa wa kila wiki na 30 kwa wa kila siku. Hata hivyo kwa wa kila mwezi tunapendelea uangalie yote kumi na mbili. Ni karatasi kumi na mbili tu, na kama tulivyosema kwa mwenzako wa Singida, kosa hujificha kwenye tarehe.

Kabla ya kuchagua sampuli, hakikisha orodha unayochagulia imekamilika. Jumla ya vocha kwenye orodha ilingane na leja, na namba zifuatane bila pengo. Orodha ikipewa na mtu yule yule unayemkagua, na wewe ukaipokea bila kuipima, umechagua kutoka kwenye kile alichotaka ukione. Toa orodha moja kwa moja kwenye mfumo wa malipo ukiwa umekaa na mwenye ruhusa, uone anavyoweka tarehe za kuanzia na kumalizia.

Na vocha isipopatikana, usichukue nyingine mahali pake. Vocha isiyopatikana ni kosa lililohesabiwa.

Menejimenti imeripoti kwamba kati ya hoja 40 za ukaguzi, 31 zimefungwa. Nimepewa siku tano kuthibitisha. Nizingatie nini? (Mkaguzi wa ndani wa wakala wa serikali, Dar es Salaam)

Kwanza zikague zote 31, usichukue sampuli. Ni chache, na kila moja ni dai linalojitegemea. Siku tano zinatosha ukianza na swali moja kwa kila hoja: nani aliyeifunga? Hoja iliyofungwa kwa jibu la menejimenti pekee, bila mkaguzi yeyote kuthibitisha, bado haijafungwa. Katika ripoti za CAG utaona mapendekezo yakigawanywa kati ya yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, yaliyojirudia na yaliyopitwa na wakati. Tumia mgawanyo huo huo. Utashangaa ni ngapi zitahama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili.

Jambo la pili, tazama kama kilichotibiwa ni chanzo au ni dalili. Chukua hoja ya masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha za kazi ambazo mtumishi hukabidhiwa na kutakiwa azitolee hesabu. Watumishi tisa wakakatwa mishahara, fedha ikarudi, hoja ikafungwa. Lakini masurufu hayo yalirundikana kwa sababu watu walipewa mapya kabla ya kurejesha ya zamani, na aliyeidhinisha hakuwa na orodha ya wadaiwa mbele yake. Je, hilo limebadilika? Chukua masurufu yote yaliyotolewa baada ya tarehe ya kufunga hoja, uone kama yupo aliyepewa la pili akiwa na deni. Ukimkuta mmoja, upande wa fedha wa hoja umefungwa, lakini udhaifu uko wazi. Andika hivyo hivyo, kwa sentensi mbili tofauti.

Barua ya kuwakumbusha watumishi si rekebisho. Mwongozo mpya ambao haujaanza kutumika si rekebisho. Mafunzo ya siku mbili yenye karatasi ya mahudhurio yanaweza kuwa sehemu ya rekebisho, ila hayathibitishi kwamba kazi imebadilika. Rekebisho linahitaji muda wa kuonekana likifanya kazi: udhibiti wa kila mwezi uwe umefanyika angalau mara tatu mfululizo, wa kila siku uwe na angalau mara thelathini. Kwa hiyo udhibiti mpya wa kila mwezi ulioanza Juni hauwezi kuripotiwa Juni 30 kuwa umefunga hoja. Hapa menejimenti nyingi huteleza bila nia mbaya. Wamefanya kazi ya kweli, wanataka ionekane, na mwaka unaisha.

Jambo la tatu ni hesabu yenyewe. Chukua orodha ya mwaka jana, uipige mstari mmoja mmoja na ya mwaka huu. Hoja mbili zinaweza kuunganishwa kuwa moja, moja ikagawanywa tatu ili zilizofungwa ziongezeke, au hoja ya miaka mitatu nyuma ikadondoka orodhani kimya kimya. Ikiwa mwaka jana zilibaki 22 na mwaka huu zimeongezeka 25, kwa nini jumla si 47? Hizo saba zilikwenda wapi?

Katika taarifa yetu kila udhaifu umeandikwa kuwa “wa kawaida.” Hakuna hata mmoja ulioitwa mkubwa. Nitapimaje uzito bila kuonekana natumia hisia? (Afisa wa vihatarishi, Dodoma)

Kosa la kwanza ni kupima udhaifu kwa hasara iliyotokea. Menejimenti husema hakuna fedha iliyopotea, kwa hiyo udhaifu ni mdogo. Kipimo sahihi ni kile ambacho kingeweza kupita kwenye tundu hilo. Tuseme mhasibu mmoja ana ruhusa ya kuandaa malipo na pia ya kuyaidhinisha. Hajaiba hata shilingi. Lakini kama malipo ya shilingi bilioni 2 yalipita mikononi mwake katika kipindi hicho, ukubwa wa udhaifu unapimwa kwa bilioni mbili hizo pamoja na uwezekano wa kosa kutokea na lisigundulike kwa wakati.

Kisha uliza kama kuna udhibiti mwingine unaofidia. Labda mweka hazina hupitia orodha ya malipo yote kila wiki. Vizuri, lakini upitio huo nao uukague kama udhibiti mwingine wowote: ulifanyika wiki ngapi kati ya 52, na uliwahi kuzuia kitu? Upitio ambao kwa mwaka mzima haukuuliza swali hata moja unatia shaka. Udhibiti wa kufidia ambao haujajaribiwa usiutumie kupunguza uzito.

Mwisho yajumlishe yanayohusiana. Nenosiri linalotumiwa na watu wawili, mtumishi aliyehama ambaye bado ana ruhusa, na kumbukumbu za mfumo zisizopitiwa na mtu: kila moja peke yake linaweza kuitwa dogo. Yakiwa pamoja kwenye mfumo ule ule, mtu anaweza kulipa kwa jina la mwingine na asijulikane. Hapo una udhaifu mkubwa mmoja, na taarifa iliyoyaweka kwenye kurasa tatu tofauti imemnyima msomaji picha hiyo.

Na kuna dalili ambazo zenyewe zinatosha kuita udhaifu mkubwa: ubadhirifu wa kiongozi wa juu hata wa kiasi kidogo, kurekebishwa kwa hesabu zilizokwisha kutolewa, na hoja kubwa iliyojirudia bila maelezo ya maana.

Shikamooni wataalamu. Nasoma uhasibu. Mwalimu wetu alisema Marekani wakuu wa taasisi hulazimika kwa sheria kutoa taarifa hii. Wanafanyaje, na inasaidia? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Sheria yao ni ya 1982, na inamtaka mkuu wa kila taasisi ya serikali kuu atoe kila mwaka tamko lililosainiwa kuhusu udhibiti wa ndani. Utekelezaji wake unaongozwa na waraka wa ofisi ya bajeti ya Ikulu unaojulikana kama A-123, na vigezo hutoka kwenye kitabu cha viwango cha GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao. Kitabu hicho kina sehemu tano na kanuni 17. Tamko linaweza kuwa la aina tatu: uhakika usio na masharti, uhakika wenye kuorodhesha udhaifu mkubwa uliopo, au kukiri kwamba mkuu hawezi kutoa uhakika.

Aina ya pili na ya tatu ndizo zinazofundisha. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikaguliwa hesabu zake zote kwa mara ya kwanza katika mwaka wa fedha 2018, na kila mwaka hadi 2024 wakaguzi walishindwa kutoa maoni. Hata hivyo wizara yenyewe huorodhesha kwenye ripoti yake ya mwaka udhaifu wake mkubwa, eneo kwa eneo, pamoja na mwaka inaotarajia kuurekebisha. Kazi ya mkaguzi hapo ni kulinganisha: je, udhaifu alioukuta yeye umo kwenye orodha ya wizara? Umeelezwa kwa upana ule ule? Tarehe ya kurekebisha imesogezwa mara ngapi? Swali hilo la mwisho liandike kwenye daftari lako. Tarehe iliyosogezwa mara tatu bila sababu iliyoandikwa inaonyesha kwamba hakuna mpango.

Kama inasaidia? Kwa maoni yetu inasaidia pale tu ambapo mkuu haadhibiwi kwa kusema ukweli. Afisa masuuli anayeitwa kujieleza kwa sababu ametaja udhaifu wake mwenyewe, mwakani hatautaja.

Afisa masuuli ndiye anayesaini taarifa, na ndiye bosi wangu. Ameniomba nibadili neno “haikuthibitika” liwe “inahitaji kuboreshwa.” Nifanye nini? (Jina na mkoa tumeyahifadhi)

Usibadili hitimisho. Badili lugha tu pale ambapo maneno mapya yana maana ile ile, na hayo mawili hayana. Mpe nafasi ya kuandika jibu lake kamili ndani ya ripoti, chini ya hoja, bila kulipunguza, kwa kuwa hiyo ni haki yake. Kisha ripoti iende kwenye kamati ya ukaguzi ikiwa na maneno yako na yake pamoja.

Kwa Tanzania una pia Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, nafasi iliyoundwa mwaka 2010 kwa marekebisho ya Sheria ya Fedha za Umma. Hifadhi rasimu zote zikiwa na tarehe, na ombi la kubadili neno lijibiwe kwa maandishi mafupi yenye heshima: “Nimepokea maoni yako, ushahidi uliopo ni huu na huu, hauniruhusu kubadili hitimisho.” Mara nyingi ombi huishia hapo. Lisipoishia hapo, unayo kumbukumbu.

Ofisi yetu hutuma picha za skrini kama ushahidi wa ruhusa za watumiaji wa mfumo. Mkaguzi amezikataa. Ana haki? (Afisa TEHAMA, Arusha)

Anayo, kama picha hizo hazionyeshi mambo manne: tarehe na saa, jina la mfumo, aliyeingia kutoa orodha, na vichujio alivyotumia. Orodha ya watumiaji 38 inaweza kuwa imechujwa kuonyesha walio hai tu, au idara moja tu, na picha isikuonyeshe.

Njia bora ni kutoa faili zima la watumiaji kutoka kwenye mfumo mkaguzi akiwa amekaa pembeni yako, mhesabu idadi ya mistari pamoja, na nakala ibaki kwake. Kisha faili hilo lilinganishwe na orodha ya watumishi kwa cheki namba (namba ya utumishi ya kila mtumishi), siyo kwa majina, maana majina huandikwa kwa namna tatu tofauti. Atakayebaki kwenye mfumo bila kuwepo kwenye orodha ya watumishi amehama, amestaafu, amefariki, au hakuwahi kuwepo. Wote wanne wanahitaji maelezo.

Halafu fanyeni jaribio moja zaidi, ambalo huchukua nusu siku. Chukua orodha ya likizo za mwaka kutoka utumishi na kumbukumbu za idhini kutoka kwenye mfumo. Tafuta idhini zilizotolewa kwa jina la mtu aliyekuwa likizo siku hiyo. Kama hakukaimishwa mtu kwa barua na mfumo unaonyesha aliidhinisha malipo, basi ama aliacha nenosiri mezani, ama alifanya kazi akiwa likizo. Muulize yeye kwanza, kabla ya kuandika.